Ulingo wa kuwindia: namna ya kuufanya ukae vizuri mgongoni

Ulingo ni jukwaa dogo lenye kiti ambalo mwindaji huketi juu yake akiwa mtini. Ule wa kufungwa kwenye shina, ukiwa wa alumini, huwa na kilo 4 hadi 7. Wa chuma hufika kilo 9 au hata 12. Ule wa vipande viwili, ambao mwindaji hupanda nao mti kwa kusogeza kipande kimoja baada ya kingine, mara nyingi una kilo 8 hadi 13. Huo si uzito wa kutisha. Mtu mzima mwenye afya hubeba mzigo kama huo kwenye shanta nzuri ya kupandia milima na kufika akiwa na nguvu zake. Lakini mzigo uleule ukiwa ni ulingo, anafika chini ya mti mabega yanawaka moto, vidole vimekufa ganzi na shati limelowa jasho.

Shida haiko kwenye kilo. Ulingo hutengenezwa ili umshike mtu akiwa juu ya mti. Mikanda ya kuubebea huongezwa mwishoni, nayo mara nyingi ni tepe mbili nyembamba za upana wa sentimita mbili na nusu. Matokeo yake ni kwamba mzigo wote unaning'inia mabegani, unakaa mbali na mgongo, tena unacheza kila unapopiga hatua. Hayo matatu ndiyo ya kutibu. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi hukimbilia kununua ulingo mwepesi zaidi, ilhali mkanda wa kiuno na jioni moja ya kushona vingewapa nafuu kubwa kuliko kupunguza kilo mbili.

Sharti moja kabla ya kushika zana yoyote: usitoboe, usikate wala usichomelee fremu ya ulingo. Tundu dogo la drili linaweza kuwa mwanzo wa ufa, na alumini iliyoimarishwa kwa joto kiwandani hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake pale moto wa kuchomelea unapoigusa. Wewe ndiye utakayeketi juu ya hiyo fremu mita kadhaa kutoka ardhini. Kila kitu katika mwongozo huu kinafungwa, kinazungushiwa au kinashonwa, na kinaweza kuondolewa bila kuacha alama.

Hatua ya kwanza: ujue mzigo wako

Panda kwenye mizani ya nyumbani bila kitu, kisha panda tena ukiwa umeushika ulingo pamoja na kila unachokwenda nacho: vipande vya ngazi, mikanda ya kufungia mtini, mkanda wa usalama, maji, koti. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo mzigo wako halisi. Vipande vinne vya ngazi peke yake vinaweza kuongeza kilo nne hadi sita, na mtu aliyekuwa akidhani anabeba kilo sita akajikuta ana kumi na nne.

Halafu tafuta kitovu cha uzito. Kunja ulingo kama unavyoubeba, ufunge kamba kwenye kona moja ya juu, uutundike mahali ambapo unaweza kuning'inia bila kugusa kitu. Kwenye kamba hiyohiyo ning'iniza uzi wenye jiwe dogo, kisha chora mstari wa chaki pale uzi unapopita juu ya ulingo. Rudia kwa kona nyingine. Mahali mistari miwili inapokutana ndipo uzito wote unapojikusanya. Mahali hapo pakae karibu na mgongo wako kadiri inavyowezekana, kwenye usawa wa kati ya mabega na katikati ya mgongo. Tuseme ulingo una kilo 9 na kitovu chake kiko sentimita 25 nyuma ya mgongo. Ukikisogeza hadi sentimita 10, nguvu inayokuvuta kurudi nyuma inapungua kwa zaidi ya nusu, bila kuondoa hata gramu moja. Mgongo uliokuwa umeinama mbele ili kuipinga nguvu hiyo unanyooka.

Hatua ya pili: chagua upande wa mgongoni

Ulingo wa kufungwa kwenye shina una jukwaa la kukanyagia, kiti, na mhimili unaoviunganisha. Ukikunjwa, upande mmoja unakuwa bapa na mwingine una vitu vilivyochomoza: meno ya kushikia mti, waya, kiti. Upande bapa ndio wa mgongoni, yaani sakafu ya jukwaa igusane na wewe, kiti kikae nje. Kama watengenezaji wameweka mikanda upande mwingine, ihamishe bila kusita.

Angalia na urefu. Ukingo wa juu ukigonga kisogo utashindwa kuinua macho. Ukingo wa chini ukifika nyuma ya mapaja utakupiga kila ukipanda kilima au kuvuka gogo. Ulingo mrefu unaweza kuugeuza, juu kuwa chini, na mara nyingi hilo peke yake humaliza tatizo. Ule wa vipande viwili hupachikwa kipande kimoja ndani ya kingine. Hapo shida ni upana, kwa kuwa mikono yake inachomoza pembeni na kunasa kila tawi. Jaribu mpangilio zaidi ya mmoja sakafuni kabla ya kuchagua, na utazame kutoka juu, kwa sababu upana unaokukwamisha porini hauonekani ukiutazama kutoka mbele.

Hatua ya tatu: zuia mchezo na kelele

Kitu kinachocheza kinachosha kuliko kitu kizito, kwa sababu kila mtikisiko unaudai mwili wako nguvu ya kuurudisha mzigo mahali pake. Tena chuma kikigongana na chuma, mnyama anakusikia kabla hujafika.

Tumia mikanda miwili yenye bizimu la kubana kufunga ulingo uliokunjwa, mmoja juu na mmoja chini. Kamba ya mpira inafaa kwa vitu vyepesi tu, kwani kwa uzito mkubwa inanyumbuka na mchezo unabaki palepale. Kisha tikisa ulingo kwa nguvu ukiwa umefumba macho, usikilize sauti inatoka wapi. Mahali pa kugusana zungushia tepu ya kitambaa au kipande cha tyubu ya baiskeli iliyochanika. Tyubu ni bora kwenye mabomba ya fremu kwa sababu inashika bila gundi na unaweza kuivua ili kukagua chuma kilicho chini yake. Vipande vya ngazi vipange kimoja ndani ya kingine, uvifunge wima katikati ya ulingo. Ukivitundika upande mmoja utatembea umeegemea kama mwenye maumivu ya nyonga, na jioni maumivu hayo yatakuwa ya kweli.

Usizungushie chochote kwenye waya zinazoshika jukwaa, kwenye maungio yake wala kwenye meno ya kushikia mti. Sehemu hizo zinapaswa kuonekana wazi kila siku.

Hatua ya nne: mkanda wa kiuno

Hapa ndipo penye nafuu kubwa kuliko kwingine kote, na ndipo wengi wanapolipua kazi.

Mifupa ya nyonga na miguu imejengwa kubeba uzito wa mwili mzima. Mabega hayakujengwa hivyo. Chini ya mtulinga zinapita neva na mishipa ya damu inayokwenda mkononi, na mkanda mwembamba ukikandamiza hapo vidole vinakufa ganzi. Vidole vyenye ganzi ndivyo unavyotegemea dakika chache baadaye kushikilia ngazi, kwa hiyo suala hili ni la usalama kabla ya kuwa la starehe.

Habari njema ni kwamba ulingo wenyewe ni fremu ngumu. Shanta za mizigo mizito zinahitaji fremu ili kupeleka uzito kiunoni. Wewe tayari unayo. Jeshi la Marekani, lilipopitisha vifaa vyake vya kubebea vya ALICE mwaka 1973, lilitumia fremu ya mabomba ya alumini yenye mto wa chini ya mgongo na mkanda wa kiuno, na hadi leo wapo wawindaji wanaotumia fremu hizo kubebea ulingo. Unaweza kufuata mpango huohuo bila kununua fremu ya pili.

Tafuta mkanda wa kiuno wa shanta ya zamani, wenye sponji na upana wa sentimita 10 hivi. Kama huna, tengeneza: kata mkeka wa kulalia kambini, ule wa sponji ngumu isiyonyonya maji, vipande viwili vya unene wa sentimita moja, vipange kimoja juu ya kingine, uvishonee ndani ya kitambaa kigumu cha turubai, na katikati pitisha utepe wa upana wa sentimita 5 wenye bizimu la kubana mbele. Sponji laini ya godoro haifai. Inapendeza kwa dakika tano za kwanza, halafu inalala chapati na utepe unaanza kukuchoma.

Mkanda huo lazima ushikane na fremu yenyewe kwenye nukta nne: mbili katikati ya mgongo na moja kila upande. Ukiufunga katikati tu, ulingo utayumba kulia na kushoto kila hatua. Zungusha utepe kwenye bomba la fremu, upitishe mwisho wake ndani ya kitanzi chake, ukaze. Fundo hilo hujikaza lenyewe mzigo ukivuta, na halihitaji tundu lolote. Likiteleza juu ya bomba, weka tyubu ya baiskeli chini yake kwanza.

Urefu wa kuufunga haukisiwi, hupimwa. Inamisha kichwa, utapapasa mfupa uliochomoza chini ya shingo. Weka mikono kiunoni, vidole gumba vikielekea nyuma, juu ya ukingo wa mifupa ya nyonga. Mwombe mtu apime kwa futi ya fundi cherehani kutoka mfupa ule wa shingo hadi mstari unaounganisha vidole gumba. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 40 na 55. Umbali huo ndio unaotawala kila kitu: katikati ya mkanda wa kiuno ikae kwenye ukingo wa nyonga, na mikanda ya mabega ianzie sentimita chache chini ya mfupa wa shingo. Mkanda ukikaa tumboni utakubana pumzi. Ukishuka kwenye mapaja utakuzuia kuinua goti.

Hatua ya tano: mikanda ya mabega

Toa zile tepe nyembamba. Weka mikanda ya shanta ya zamani yenye upana wa sentimita 6 hadi 8, iliyopinda kidogo kufuata umbo la kifua. Mikanda iliyonyooka hukata shingo upande wa ndani na kukwaruza kwapa.

Juu, funga miwili hiyo karibu karibu, nafasi ya vidole vitatu au vinne kati yake. Ikiwa mbali itateleza kutoka mabegani na utatumia safari nzima ukiipandisha. Chini, ifunge kwenye pembe za fremu, karibu na mkanda wa kiuno, ikiwa imeachana kwa upana wa mwili wako. Hakikisha kila mmoja una bizimu la kurefusha na kufupisha, kwa sababu unene wa nguo hubadilika na mikanda ibadilike nayo.

Ongeza vitepe viwili vifupi vya kuvutia mzigo mbele. Kila kimoja kinaanzia juu ya bega, kwenye mkanda, na kupanda kwa mwinamo wa nyuzi 45 hivi hadi kwenye fremu, usawa wa masikio. Ukivikaza, sehemu ya juu ya ulingo inasogea mgongoni badala ya kukuvuta nyuma. Kama fremu yako inaishia usawa wa mabega, viache. Vikiwa vimelala havifanyi kazi yoyote. Mkanda wa kifua nao ni mwembamba tu, unaounganisha mikanda miwili ya mabega chini kidogo ya mitulinga. Kazi yake ni kuizuia isitawanyike. Usiukaze hadi kifua kishindwe kupanuka.

Kuhusu ushonaji: kata utepe wa nailoni au poliesta na uyeyushe ncha kwa moto wa kiberiti ili usifumuke. Shona mraba wenye alama ya msalaba ndani yake, kwa uzi wa nailoni au poliesta, ukitumia shazia na mkono au cherehani ya fundi viatu. Uzi wa pamba huoza kwa unyevu. Poliesta ina faida moja juu ya nailoni, kwamba ikilowa hainyumbuki sana, hivyo mzigo uliokaza asubuhi unabaki umekaza mvua ikinyesha. Polipropilini, zile tepe za bei rahisi zinazong'aa, huchakaa haraka juani. Ziepuke.

Mikanda hii ni ya kubebea tu. Isitumike kamwe kufungia ulingo mtini wala kujifungia wewe mwenyewe. Kwa kazi hizo tumia iliyotengenezwa kwa ajili hiyo na kuwekewa kiwango cha uzito.

Hatua ya sita: mto wa mgongo

Mahali fremu inapogusa mgongo, funga vipande viwili vya sponji ile ngumu, kimoja kila upande wa uti wa mgongo, ukiacha mfereji wa vidole vinne katikati. Uti haukandamizwi, na hewa inapita. Kipande cha tatu, kinene zaidi, kiweke kwa mlalo chini ya mgongo, juu kidogo ya mkanda wa kiuno, ili kiegemee pale mgongo unapoingia ndani. Vifunge kwa vitepe unavyoweza kufungua, uvianike vikilowa.

Unene wa jumla usizidi sentimita tatu. Kila sentimita ya sponji inausogeza mzigo mbali na mgongo, ukarudi kwenye tatizo tulilolitibu mwanzoni.

Hatua ya saba: punguza uzito bila kugusa chuma

Sasa ndipo kilo zinapozungumzwa. Chuma kina uzito wa gramu 7.85 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, alumini 2.7, kwa hiyo kubadilisha vipande vya ngazi vya chuma kwa vya alumini ni badiliko linalosikika mgongoni. Lakini anza na begi: zana zisizotumika, minyororo ya akiba, chupa ya maji kubwa kuliko unavyokunywa. Koti nene libebe, usilivae. Ukitembea nalo utatoka jasho, na jasho hilo ukishakaa kimya juu ya mti linakuwa baridi kali na harufu. Lifunge nje ya ulingo, ulivae ukishapoa chini ya mti.

Mkanda wa usalama wa mwili mzima usiuhesabu kamwe miongoni mwa vitu vya kupunguza. Njia nzuri ni kuuvaa kuanzia mwanzo wa safari, ili usiwe mzigo mgongoni. Hakikisha tu bizimu zake haziangukii chini ya mikanda ya ulingo, la sivyo zitakuchuna.

Kuvaa na kujaribu

Usiuinue ulingo kwa kuuzungusha kutoka chini hadi mgongoni kwa mkono mmoja. Uegemeze kwenye gogo au kisiki, au upandishe kwanza kwenye paja, ndipo uingize mkono. Kisha fuata mpangilio huu, mikanda yote ikiwa imelegezwa:

1. Kaza mkanda wa kiuno kwanza, ukiwa umeinua mabega kidogo. Usikie uzito unaketi kwenye nyonga.
2. Vuta mikanda ya mabega hadi iguse mwili. Igusane tu, isibebe.
3. Kaza vitepe vya juu hadi ulingo uegemee mgongoni.
4. Funga mkanda wa kifua.

Kipimo cha kazi yako ni hiki: pitisha kidole chini ya mkanda wa bega. Kikipita kwa urahisi huku mzigo haushuki, nyonga zimechukua uzito. Kisipopita, mkanda wa kiuno uko chini mno au umelegea. Tembea nusu saa ukiwa na mzigo kamili, mahali penye mlima na mteremko, kabla ya siku ya kuwinda. Ganzi ya vidole inaelekeza kwenye mikanda ya mabega. Maumivu ya kiuno yanasema mzigo uko mbali na mgongo. Michubuko ya nyonga inatokana na mkanda unaosugua, ambao kwa kawaida haukukazwa vya kutosha. Rekebisha jambo moja kwa wakati, ama sivyo hutajua lipi limesaidia.

Njiani na chini ya mti

Funga kitambaa cha rangi ya chungwa kali nyuma ya ulingo. Umbo la mtu aliyebeba fremu pana akipita vichakani alfajiri halifanani na mtu, na wewe si mwindaji pekee msituni. Bunduki isifungwe kwenye ulingo. Ibebe mkononi, mdomo wake ukielekea mahali salama. Mishale yenye ncha kali ikae ndani ya podo lililofunikwa.

Ukivuka mto au daraja la gogo, fungua mkanda wa kifua na wa kiuno kabla ya kukanyaga. Ukianguka majini uweze kuutupa ulingo papo hapo.

Ukifika, jifunge kwenye mti kwa mkanda wa usalama kabla mguu haujaondoka ardhini, na ubaki umefungwa hadi urudi chini. Ulingo wa kufungwa kwenye shina usipande nao mgongoni, hata kama sasa unakaa vizuri kiasi gani. Panda na kamba, jiimarishe, halafu uuvute juu. Kabla ya kufanya hivyo, kunja mikanda ya kubebea, uifunge pamoja na mto wa mgongo, kwa sababu kitanzi kinachoning'inia chini ya jukwaa kitanasa tawi wakati wa kuvuta na kinaweza kukutega mguu ukiwa juu. Bunduki iliyokwisha kutolewa risasi, au upinde, vivutwe mwisho, ukishaketi.